Maneno ya Biolojia na Mwanafunzi wa Sekondari

Huenda wako wasomaji watakaostaajabu kuona makala juu ya somo la biolojia katika jarida lililowekwa kwa ajili ya uchunguzi wa Kiswahili. Biolojia, watasema, ni kazi ya watu wa maabara. Mtu wa lugha ana shughuli gani na chura, maua na mirija ya kioo? Jawabu ni kwamba mwanafunzi hakutani na chura peke yake. Hukutana na chura pamoja na maneno mengi yanayomweleza chura huyo, na aghalabu ni yale maneno, wala si chura, yanayomshinda. Mtoto aliyekulia kando ya mto, anayejua mahali vyura wanapotaga na msimu wanapolia, hupewa karatasi ya maswali juu ya maisha ya chura naye akapata sifuri. Kisha huambiwa kwamba hana akili ya sayansi, naye mwenyewe huyasadiki maneno hayo maisha yake yote. Hiyo ni hasara kubwa, kwa mtoto na kwa nchi inayotafuta waganga, wauguzi na mabwana shamba.

Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa mwaka 1967. Aingiapo kidato cha kwanza, masomo ya sayansi huanza kufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi huvuka mito miwili kwa wakati mmoja: mto wa lugha ngeni na mto wa elimu ngeni. Katika makala haya sikusudii kuingia katika mjadala wa lugha ipi itumike kufundishia. Mjadala huo una wenyewe, na umedumu miaka mingi. Nakusudia kueleza jambo dogo zaidi lenye faida ya leo: mwanafunzi aliyeketi darasani sasa hivi, kabla mjadala haujakwisha, afanye nini na maneno ili afaulu katika somo hili? Nitayagawa maelezo yangu katika sehemu tano.

1. Neno la nyumbani na neno la darasani

Jambo la kwanza yampasa mwanafunzi kufahamu ni kwamba neno moja laweza kuwa na maana moja nyumbani na maana nyingine darasani. Hatari iko pale maana hizo mbili zinapokaribiana, kwa kuwa mwanafunzi hudhani amekwisha kuelewa, kumbe hajaanza.

Tutazame neno "kupumua". Nyumbani maana yake ni kuvuta hewa na kuitoa. Mwanabiolojia anayo maana hiyo, lakini anayo na nyingine iliyo kubwa zaidi: kazi inayofanyika ndani ya kila seli iliyo hai, ya kuvunja chakula ili kupata nishati. Kiingereza kina maneno mawili mbalimbali kwa mambo hayo mawili; Kiswahili cha kawaida hutumia neno lile lile. Basi mwanafunzi akiulizwa kama mahindi yanapumua, hutazama kama yana pua, akaandika la. Ukweli ni kwamba mahindi yanapumua usiku na mchana, mizizi inapumua, mbegu inayoota inapumua kwa nguvu sana, na hata hamira iliyomo katika unga wa maandazi inapumua, tena yaweza kufanya hivyo pasipo oksijeni. Njia nyepesi ya kujikinga ni kusema "upumuaji wa seli" kila unapokusudia maana ya pili, na kuandika maneno hayo hivyo hivyo katika daftari.

Neno la pili ni "chakula". Mkulima husema mbolea ni chakula cha mmea, na kwa kazi yake ya shambani usemi huo hauna madhara. Darasani una madhara makubwa. Chakula, kwa maana ya biolojia, ni kitu kinachompa kiumbe nishati pamoja na vitu vya kujengea mwili wake. Na mmea wa kijani haukipati chakula hicho udongoni, bali hukitengeneza wenyewe katika majani kwa maji, hewa ya kaboni dayoksaidi na mwanga wa jua. Kazi hiyo ndiyo iitwayo usanisinuru. Mbolea huupa mmea chumvichumvi tu, kama vile za naitrojeni na fosforasi, ambazo ni za lazima lakini hazina nishati ya kuuendesha mmea.

Jan Baptista van Helmont, mtu wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alipanda mche wenye uzito wa ratili 5 katika chungu chenye ratili 200 za udongo uliokaushwa, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ukafikia ratili 169 na kitu, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya yeye kufariki. Van Helmont alidhani mti wote ulitokana na maji, naye alikosea kwa sababu hakuihesabu hewa. Lakini jaribio lake lilionyesha kwamba uzito wa mti haukutoka udongoni. Mwanafunzi akiikumbuka hadithi hii hatakosa swali la usanisinuru, kwa kuwa ameelewa kwa nini neno "chakula" halifai kuwekwa juu ya mbolea.

Neno la tatu ni "mshipa". Katika Kiswahili cha kila siku mshipa ni njia ya damu, tena ni neva ya fahamu, tena ni kano linalofunga msuli kwenye mfupa, na watu wa pwani wana ugonjwa waliouita kwa jina hilo hilo. Biolojia haiwezi kuvumilia ukarimu huo. Njia ya damu itokayo moyoni ni ateri. Iingiayo moyoni ni vena. Ile nyembamba sana iunganishayo hizo mbili ni kapilari. Na njia ya habari za fahamu ni neva. Papo hapo kuna mtego mwingine. Vitabu vingi na walimu wengi husema "damu safi" na "damu chafu", na mwanafunzi hukariri kwamba ateri huchukua damu safi. Kisha huletewa swali juu ya ateri iendayo kwenye mapafu, nayo huchukua damu iliyopungukiwa na oksijeni. Hapo kanuni yake huvunjika. Kosa ni la maneno "safi" na "chafu", kwa kuwa damu hiyo haina uchafu wowote. Ina oksijeni kidogo tu. Aliyejifunza kwamba ateri ni njia itokayo moyoni hatatatizika, maana ateri ya mapafu nayo hutoka moyoni.

Neno la nne ni "mdudu". Tunamwita mdudu nzi, buibui, nge, tandu, kupe, na hata kile kisichoonekana kinacholeta homa tunakiita kijidudu. Mwanabiolojia ameliweka jina la mdudu kwa kiumbe mwenye miguu 6 na mwili uliogawanyika sehemu 3. Kwa kipimo hicho buibui, nge na kupe mzima, wenye miguu 8, wametoka. Tandu naye ametoka. Na bakteria na virusi hawakuwamo kamwe. Vivyo hivyo nyangumi ni samaki sokoni lakini si samaki darasani, kwa sababu huvuta hewa kwa mapafu na kunyonyesha mtoto wake. Ilhali papa, ijapokuwa ni mkubwa na wa kutisha, ni samaki kweli.

Jikoni nako kuna shule nzima. Nyanya, bilingani na bamia ni mboga katika chungu, lakini kwa biolojia ni matunda, kwa kuwa yametokana na ovari ya ua na yana mbegu ndani. Kiazi kitamu ni mzizi. Kiazi mviringo ni shina, na ushahidi ni yale macho yake, ambayo ni vichipukizi. Tangawizi, ambayo wengi huiita mzizi, ni shina lilalalo udongoni. Kitunguu maji kwa sehemu kubwa ni majani manene yaliyofungana. Shina la mgomba tulionalo si shina, bali ni mikono ya majani iliyoviringana. Mwanafunzi aliyekwisha kukata kitunguu na tangawizi huku akijiuliza maswali haya amesoma sura nzima ya kitabu pasipo kufungua kitabu.

Yafaa niongeze kwamba Kiswahili hakina haya ya kuonea katika jambo hili. Watu wa pwani walioishi na mnazi wamezitenga hatua za ukuaji wa tunda lake kwa majina: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Kile kitu chororo kama sifongo kinachojaa ndani ya nazi inayoota, ambacho wengi hukiita joya, ni sehemu ya mche mchanga inayofyonza chakula kilichowekwa akiba ndani ya nazi. Lugha inayotenga hatua tano za tunda moja yaweza kutenga ateri na vena. Haja ni wenye lugha kukubaliana na kuzoea.

2. Neno lililofungwa lifunguliwe

Mwanafunzi hudhani kwamba maneno marefu ya biolojia ni Kiingereza, na kwamba mtoto wa Uingereza huyafahamu tangu utotoni. Sivyo. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwaona wanafunzi waliozaliwa na Kiingereza wakiyahangaikia maneno yale yale. Sababu ni kwamba mengi yake si maneno ya Kiingereza kwa asili. Yamejengwa kwa vipande vya Kiyunani na Kilatini. Yule mtoto wa London na yule wa Songea wote ni wageni mbele yake.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati moja hapa, ambayo hatumfundishi kuitumia. Lugha yetu yenyewe hujenga maneno kwa vipande. Mtoto wa miaka mitano husema "hatutawapigia" naye hajui kwamba amefunga vipande saba katika neno moja: ha-tu-ta-wa-pig-i-a. Akili iliyozoea kufunga na kufungua maneno namna hiyo haina sababu ya kuyaogopa maneno ya Kiyunani, ambayo nayo hufunguka.

"Bio" ni uhai, na "logia" ni elimu au maelezo. Basi biolojia ni elimu ya uhai. "Fito" ni mmea, na "zoo" ni mnyama. "Hemo" ni damu, kwa hiyo himoglobini ni kitu cha damu. "Derma" ni ngozi, na "epi" ni juu yake. Epidemisi ni tabaka la juu la ngozi au la jani. "Kloro" ni rangi ya kijani, na "fili" ni jani. Klorofili ni ukijani wa majani. "Foto" ni mwanga. "Haidro" ni maji, na "lisisi" ni kufungua au kuvunja. Haidrolisisi ni kuvunja kitu kwa maji. "Kromo" ni rangi, na "soma" ni mwili. Kromosomu ni mwili wenye kushika rangi, kwa sababu wachunguzi wa kwanza waliuona ulipotiwa rangi chini ya hadubini. "Endo" ni ndani, "ekto" ni nje. "Hetero" ni tofauti, "homo" ni sawa.

Vipande kama hivi arobaini au hamsini, vikishikwa vizuri, hufungua mamia ya maneno. Mwanafunzi na atenge kurasa za mwisho za daftari lake; kila akutanapo na neno jipya alikate, aandike maana ya kila kipande, kisha aandike maana ya neno zima kwa Kiswahili chake mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Katika kazi hiyo atapata msaada katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990.

Lakini tahadhari moja ni ya lazima. Asili ya neno huonyesha mawazo ya waliolitunga, wala si lazima ionyeshe ukweli. "Malaria" ni maneno ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya, kwa kuwa watu walidhani ugonjwa huo huletwa na mvuke wa mabwawa. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na tangu hapo hewa ikaachiliwa. Jina halikubadilika. Basi mwanafunzi afungue neno ili alikumbuke, kisha asome maelezo ili aujue ukweli.

3. Majina mawili ya kila kiumbe

Mwanafunzi huuliza kwa nini simba asiitwe simba tu, bali aitwe Panthera leo. Sababu ni kwamba majina ya kienyeji hayaaminiki mtu avukapo mpaka. Hata ndani ya Kiswahili chetu, kiluwiluwi ni mtoto wa mbu, tena ni mtoto wa chura. Funza ni mdudu wa nyama iliyooza, tena ni yule aingiaye katika kidole cha mguu. Carl Linnaeus wa Uswidi aliutengeneza utaratibu wa majina mawili, akautumia kwa mimea katika kitabu cha mwaka 1753, na kwa wanyama katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake kingine. Jina la kwanza ni la jenasi, nalo huanza kwa herufi kubwa. La pili ni la spishi, nalo huanza kwa herufi ndogo. Katika chapa majina hayo hulazwa. Katika mwandiko wa mkono hupigiwa mstari chini, kila jina mstari wake. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa bure, ilhali wanajua jibu.

Majina haya huonyesha na ujamaa. Simba ni Panthera leo, chui ni Panthera pardus: jina la kwanza ni moja, basi ni ndugu wa karibu. Kwa mtu wa Kiswahili utaratibu huu si mgeni. Sisi tunazo ngeli, na kila neno lina ngeli yake inayotawala upatanisho wa sentensi. Tofauti ni kwamba ngeli zetu hufuata umbo la neno na mazoea ya lugha, na uainishaji wa viumbe hufuata asili na ujamaa wa miili. Mwanafunzi aliyekwisha kusumbuka na ngeli anajua tayari kwamba kuainisha ni kutafuta alama, wala si kubahatisha.

Wala maneno hayatoki Ulaya tu. Mwaka 1959 Mary Leakey alivumbua fuvu la kale katika bonde la Olduvai, na mumewe, Louis Leakey, akaliita Zinjanthropus boisei. "Zinj" ni jina la kale ambalo Waarabu waliita pwani hii ya Afrika ya Mashariki, na "anthropos" ni binadamu kwa Kiyunani. Wataalamu wengi siku hizi humweka kiumbe huyo katika jenasi ya Paranthropus, na hilo pia ni somo: jina la sayansi hubadilika uchunguzi ukibadilika. Tena homa iliyoenea katika nyanda za Wamakonde mwaka 1952 ilipewa jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kujipinda, kwa sababu ya maumivu ya viungo. Na leo daktari wa Brazil au wa India hulitumia neno hilo la Newala. Mwanafunzi wetu na ajue kwamba lugha za nyumbani kwake zimekwisha kuingia katika elimu hii.

4. Kitenzi cha swali, na tofauti ya kuona na kukata shauri

Mtihani wa biolojia ni mtihani wa vitenzi. Swali likisema "taja", neno moja latosha, na anayeandika ukurasa anapoteza wakati. Likisema "eleza", msahihishaji anangoja sababu, yaani neno "kwa sababu" au "kwa hiyo" lazima lionekane mahali fulani. Likisema "tofautisha", kila jambo linalosemwa juu ya kitu cha kwanza sharti lisemwe na juu ya cha pili, kwa kipimo kile kile. Mwanafunzi aandikaye kwamba ateri ina ukuta mnene, na vena huelekea moyoni, hajatofautisha chochote. Amesema mambo mawili yasiyokutana. Jibu jema ni hili: ateri ina ukuta mnene, ilhali ukuta wa vena ni mwembamba, ateri hutoka moyoni, ilhali vena huingia, ateri kwa kawaida haina vali njiani, ilhali vena nyingi zina vali. Kila "ilhali" moja ni alama moja. Maneno hayo ya kuunganisha, ambayo hudhaniwa kuwa mapambo ya sarufi, ndiyo mifupa ya jibu la sayansi, na mwanafunzi ayajue kwa Kiingereza kama anavyoyajua kwa Kiswahili.

Katika mtihani wa vitendo kuna tofauti iliyo kubwa zaidi: kuandika kilichoonekana, na kuandika shauri lililokatwa kutokana na kilichoonekana. Mwanafunzi hupewa maji ya chakula kisichojulikana na kuambiwa akipime. Akitia matone ya iodini, rangi ikawa bluu-nyeusi, basi hicho ndicho alichoona. Kwamba kuna wanga, hilo hakuliona, amelikata. Akitia Benedict na kuchemsha, rangi ikatoka bluu, ikapita kijani na njano, ikaishia na mashapo mekundu kama matofali, ameona mashapo. Shauri lake ni kwamba kuna sukari za namna ile inayotenda kazi na Benedict, kama glukosi. Akitia sodiamu haidroksaidi kisha matone ya kopa salfeti, rangi ya zambarau ikatokea, shauri ni protini. Akitia Sudan III, na tabaka jekundu likakaa juu, shauri ni mafuta.

Ubora wa kutenga mambo haya mawili huonekana pale kipimo kinaposema la. Tuseme maji yale yalikuwa na sukari ya miwa. Benedict itabaki bluu. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba hakuna sukari, naye ataangushwa, kwa maana sukari ya miwa imo lakini haitendi kazi na Benedict mpaka kwanza ichemshwe na asidi hafifu, kisha asidi hiyo iondolewe ukali. Mwenye kuandika kwa uangalifu atasema: rangi haikubadilika; kwa hiyo sukari za namna ya glukosi hazimo. Shauri lake halikupita ushahidi wake. Hiyo ni adabu ya sayansi yote, na mtu akiipata darasani itamfaa hata barazani na mahakamani.

Mchoro nao ni aina ya lugha. Mwanafunzi achore alichokiona mbele yake, si picha aliyoikariri. Kwa penseli iliyochongwa, mistari safi isiyorudiwarudiwa, bila kutia vivuli. Mistari ya majina ipigwe kwa rula, isikatane, na iguse hasa sehemu inayotajwa. Kichwa cha mchoro kisisahauliwe, na kama kipimo cha ukuzaji kimetakiwa, kiandikwe.

5. Namna ya kusoma, na kazi ya lugha mbili

Mwanafunzi aliye wengi husoma kwa kurudia: hufungua daftari, husoma, husoma tena, hata maneno yakamzoea. Mazoea hayo humdanganya. Mwaka 2006 wachunguzi wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine walizisoma tena. Wengine walifunika karatasi na kuandika yote waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya juma moja waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Basi ushauri ni mwepesi na hauna gharama: soma mara moja kwa makini, funika daftari, andika au sema unayokumbuka, fungua, sahihisha. Rudia kesho, kisha baada ya siku kadhaa.

Hapa ndipo lugha mbili zinapoweza kuwa msaada badala ya mzigo. Mwanafunzi asome ukurasa wa Kiingereza, kisha amweleze mwenzake kwa Kiswahili bila kutazama kitabu. Akishindwa kueleza kwa lugha aliyozaliwa nayo, ajue kwamba hakuelewa. Alikuwa amekariri sauti tu. Akiweza kueleza, arudi aandike maelezo hayo kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi, kwa kuwa ndivyo atakavyotahiniwa. Kwanza maana, kisha maneno ya mtihani. Anayeanza na maneno ya mtihani peke yake hubaki na maganda.

Tuchukue osimosisi kwa mfano. Kitabu kitasema ni mwendo wa maji kupitia utando unaochuja, kutoka kwenye mmumunyo hafifu kwenda kwenye mmumunyo mzito. Sentensi hiyo yaweza kukaririwa mwaka mzima bila faida. Lakini mwambie mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili kwa nini mchicha ulionyauka husimama ukiwekwa katika maji, na kwa nini vipande vya tango vikitiwa chumvi hutoa maji, naye ataona kwamba ni jambo moja lililogeuzwa uso. Akiisha kuliona, sentensi ya kitabu itakaa yenyewe.

Kwa walimu nina neno moja. Mwalimu anayetumia dakika tano za mwanzo wa kipindi kuuliza, "Neno hili nyumbani kwenu lina maana gani?" hapotezi wakati wa biolojia. Anavumbua mapema mahali darasa litakapoteleza. Mtoto akijibu kwamba mbolea ni chakula, au kwamba mahindi hayapumui, mwalimu asimcheke. Ameonyeshwa mlango wa kuingilia. Na kwa wazazi ambao hawakusoma biolojia, wasidhani hawana la kutoa. Mama ajuaye kutenga kitale na dafu, mvuvi ajuaye samaki kwa mapezi yake, mkulima ajuaye mbegu itakayoota na ile iliyokufa, wote wana maarifa ambayo mtoto anayahitaji. Mtoto na apewe nafasi ya kuwauliza, kisha ayapeleke majibu darasani yakapimwe.

Mwisho, kwa sisi wenye kazi ya lugha, iko kazi iliyosalia. Istilahi nyingi za biolojia zimekwisha kutungwa kwa Kiswahili, lakini neno lililolala katika kamusi halimsaidii mtu. Lahitaji sentensi, mfano, na mtu wa kulisema mbele ya darasa. Tukiziandika habari za seli, za damu na za mimea kwa Kiswahili kilicho wazi, hata kama mtihani unabaki katika lugha nyingine, mwanafunzi atakuwa na mahali pa kuelewa kwanza kabla ya kutakiwa kujibu.